Asali ya Uluguru: Utitiri upo mzingani, dawa yake ndiyo hasara

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wa asali na wawekezaji wadogo wanaotundika mizinga kuzunguka Milima ya Uluguru wanashauriwa kuongeza swali moja katika yale waliyozoea kumwuliza mfugaji kabla ya kutoa fedha. Maswali ya kawaida yanajulikana: ndoo ni shilingi ngapi, asali imetoka pori gani, imechujwa au bado, ina maji kiasi gani. Swali linalosahaulika ni kama ndani ya mzinga imewahi kuingizwa dawa ya kuua utitiri.

Utitiri wa nyuki, ambao wataalamu huuita varoa, upo nchini. Ulithibitishwa katika mizinga ya Kenya na Tanzania mwaka 2009, na tangu hapo watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) nao wameandika juu yake. Mfugaji anayeuona kwa mara ya kwanza, kidudu chekundu cha kahawia kimemganda nyuki tumboni au mgongoni, hushtuka. Mtu aliyeshtuka hukimbilia duka la pembejeo, na pale dukani dawa haikosekani. Amitraz, ambayo wafugaji wa ng'ombe huitumia kuogeshea mifugo dhidi ya kupe, ndiyo hiyo hiyo ambayo nchi za nje hutengenezewa vipande vya kutundika ndani ya mzinga dhidi ya varoa. Si vigumu mtu kufikiri kwamba akiichanganya kidogo na kunyunyiza atakuwa ameokoa mtaji wake.

Safu hii inasema kinyume chake. Kwa nyuki wa Morogoro, ushahidi uliopo hadi sasa unaonyesha kwamba dawa ni gharama isiyo na faida, na kwamba ikishaingia kwenye mzinga inaharibu kitu ambacho mfanyabiashara wa Tanzania anacho na wenzake wa Ulaya na Marekani hawana.

MDUDU MWENYEWE

Anayefuga kuku anaujua utitiri. Huu wa nyuki ni jamaa yake wa mbali, ila ni mkubwa kidogo na unaonekana kwa macho: upana wake ni kama milimita 1.6 na urefu milimita 1.1, yaani ni mpana kuliko ulivyo mrefu, mfano wa kaa mdogo. Asili yake ni Asia, ambako uliishi na nyuki wa kule bila kuwamaliza. Nyuki wa jamii ya hawa wetu walipopelekwa Asia, utitiri ukahamia kwao katika karne iliyopita, na biashara ya nyuki hai na malkia ikausambaza duniani. Ulionekana Marekani mwaka 1987, Uingereza 1992, Afrika Kusini 1997. Australia ilijilinda kwa miaka mingi, lakini uliingia katika eneo la Newcastle mwaka 2022, na mwaka uliofuata serikali ikakubali kwamba haitauweza kuutokomeza.

Chakula chake ni mafuta ya mwilini mwa nyuki, na njiani huacha virusi, hasa vile vinavyofanya nyuki azaliwe na mabawa yaliyokunjamana. Hata hivyo linalomhusu zaidi mwenye mtaji ni jinsi unavyozaana, kwani humo ndimo siri ya mambo yote yanayofuata.

Utitiri jike hauzai juu ya nyuki mzima. Huingia kwenye kijumba cha sega chenye jana muda mfupi kabla nyuki hawajakifunika kwa nta. Baada ya siku kama tatu hutaga yai la kwanza, ambalo ni dume, kisha hutaga ya majike, moja baada ya jingine kila baada ya saa 30 hivi. Wale waliokomaa siku nyuki anapotoboa kifuniko hutoka naye na kuanza maisha. Wale ambao hawajakomaa hufa mle ndani. Kwa hiyo mchezo wote ni wa muda. Nyuki mtenda kazi wa Ulaya hukaa ndani ya kijumba kilichofunikwa siku kama 12. Wa Afrika hutoka mapema zaidi, karibu nusu siku hadi siku nzima. Inaonekana ni kidogo, lakini kwa mdudu anayehitaji kila saa, wapo watoto kadhaa wanaobaki wachanga na kufa. Nyuki dume hukaa muda mrefu zaidi kuliko mtenda kazi, na ndiyo sababu utitiri hupenda sana vijumba vya madume.

Muda huo hautoshi kueleza kila kitu, na wataalamu bado wanabishana ni sababu ipi yenye uzito zaidi. Jambo la pili ni usafi. Nyuki wetu hunusa kijumba chenye kasoro, hukifunua na kulitoa jana lililoathirika, na hapo uzao wa utitiri unakatika. Hupekuana pia na kuuangusha utitiri kutoka miilini mwao. Jambo la tatu ni lile ambalo kila mwenye mizinga analilalamikia: kuhama na kugawanyika.

HASARA INAYOLETA NAFUU

Mwekezaji mgeni kutoka mjini huona mzinga mtupu kama wizi. Amenunua mizinga 20, ameitundika, nyuki wameingia, na baada ya miezi michache saba wameondoka. Huanza kumlaumu mlinzi, jirani, hata mganga.

Nyuki wa Afrika huhama. Njaa ikizidi, jua likiwa kali, siafu au nyegere akiwasumbua, au mrinaji akiwachokoza kupita kiasi, kundi zima huacha masega na kwenda zake. Katika majira ya maua mengi hugawanyika, na sehemu moja hutoka na malkia mkongwe. Mara zote mbili kinachotokea kwa utitiri ni kile kile: ule uliokuwa ndani ya vijumba vilivyofunikwa, ambao katika kipindi cha malezi ndio sehemu kubwa, huachwa nyuma. Kundi linaloanza upya halina majana yaliyofunikwa kwa siku kadhaa, na utitiri unakosa mahali pa kuzalia.

Kwa maneno mengine, tabia inayomkosesha mwekezaji kilo zake za asali ni sehemu ya kinga inayomwezesha kufuga bila dawa. Hapa ndipo mipango mingi ya biashara inapopotea. Mtu huandika kwamba mizinga 20 ni makundi 20 mwaka mzima, kisha anatafuta namna ya kuwazuia nyuki wasitoke: masanduku makubwa, maji ya sukari wakati wote, kuwakata mabawa malkia. Kila anachofanikiwa hapo huongeza majana mfululizo, na majana mfululizo ni shamba la utitiri. Wazungu walifuga kwa namna hiyo kwa zaidi ya karne moja, wakichagua nyuki wapole wasiogawanyika, na varoa ilipowafikia wakajikuta hawana njia ila dawa kila mwaka.

Ni afadhali mwekezaji apange tangu mwanzo kwamba sehemu ya mizinga itakuwa mitupu wakati wowote, na atengeneze mizinga ya ziada ya kupokea makundi yanayotoka. Mzinga mtupu uliopakwa nta ndani na kuning'inizwa mahali pazuri ni mtego. Unaweza kumrudishia kundi lake mwenyewe au kumletea la porini.

Tuchukue mfano wa kufikirika, msomaji aweke bei za sokoni kwake. Mizinga 20, yenye nyuki ni 12, kila mmoja ukitoa kilo 10 kwa msimu: jumla kilo 120. Nta, kwa uwiano wa kilo moja kwa kila kilo 15 za asali, ni kilo 8. Makundi manne yakihama, anapoteza kilo 40 za asali, na anabaki na mizinga ambayo msimu ujao huenda ikajaa tena bila kulipia chochote. Anayetumia dawa hulipia dawa msimu huu, msimu ujao na ule unaofuata, kwa sababu nyuki wanaookolewa na dawa ni pamoja na wale ambao wangekufa kwa udhaifu wao, na hao ndio watakaozaa.

WENGINE WALIFANYAJE

Afrika Kusini ndiyo iliyotoa fundisho kubwa. Utitiri ulipoonekana kule Rasi ya Magharibi mwaka 1997, wafugaji walipoteza makundi na hofu ilikuwa kubwa. Mtafiti Mike Allsopp na wenzake waliufuatilia mwaka hadi mwaka, na wafugaji walio wengi hawakutumia dawa. Nyuki wa Rasi walirejea katika hali nzuri baada ya miaka mitatu hadi mitano. Nyuki wa bara la ndani, ambao ni wa aina moja na wengi wa hawa wa Morogoro, walichukua miaka sita hadi saba hivi. Leo utitiri upo kila mahali nchini humo na biashara inaendelea.

Kenya, kundi la watafiti likiongozwa na Elliud Muli lilikagua sehemu 24 na kutoa matokeo mwaka 2014. Utitiri ulikutwa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini haukuonekana kupunguza ukubwa wa makundi. Mizinga hiyo haikuwa na dawa, na mabaki ya viuatilifu yaliyopimwa yalikuwa kidogo sana. Matokeo mengine ya uchunguzi huo yanamhusu mtu wa Uluguru moja kwa moja, nayo tutayarudia hapa chini: kadiri watafiti walivyopanda juu milimani, ndivyo idadi ya utitiri ilivyoongezeka.

Mfano wa tatu unatoka mbali, ila una damu ya hapa. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka nchini kwake malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka 1957 baadhi ya makundi yaliponyoka na kuchanganyika na nyuki wa Kizungu, na uzao wao ukaenea karibu bara lote la Amerika ya Kusini. Magazeti ya Marekani yaliwaita nyuki wauaji. Varoa ilipoingia Brazil miaka ya 1970, nyuki hao waliistahimili, na wafugaji hawakulazimika kuingia kwenye dawa. Leo asali ya kaskazini-mashariki ya Brazil, mikoa kama Piauí na Ceará, inauzwa Marekani kama asali isiyo na kemikali, tena kwa wingi. Wajukuu wa malkia wetu wanawaingizia wenzetu dola kwa sifa ambayo sisi tunayo nyumbani na hatujaiandika hata kwenye kibandiko.

Ni haki kutaja upande wa pili. Madagaska iliupata utitiri mwaka 2010, na makundi mengi yalikufa, ingawa nyuki wa kule nao ni wa Kiafrika. Ni nyuki wa kisiwani, wapole, walioishi peke yao muda mrefu. Kwa hiyo kuwa Mwafrika peke yake hakutoshi. Kinga ya nyuki wa Morogoro imo katika ukali wao, kuhama kwao na kuchanganyika na makundi ya porini ambayo hayana bwana. Anayewaondolea hayo, au anayeleta malkia kutoka nje kwa tamaa ya nyuki wapole, anacheza na mtaji wa jirani zake pia, maana madume hayajui mpaka wa shamba.

SOKO LINATAKA NINI

Tanzania imo katika orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuuza asali Umoja wa Ulaya. Ili kubaki humo, serikali hulazimika kuwa na mpango wa kupima mabaki ya dawa katika asali na kuuwasilisha. Si jambo la makaratasi tu. China ilifungiwa soko hilo mwaka 2002 kwa sababu ya dawa ya chloramphenicol na ikakaa nje hadi 2004. India ilifungiwa mwaka 2010. Hizo ni nchi zenye maabara na viwanda vikubwa. Kwa nchi inayouza nje kiasi kidogo cha asali yake, shehena moja mbaya inatosha kuwafanya wanunuzi wahame.

Kiwango cha Ulaya kwa amitraz katika asali ni miligramu 0.2 kwa kilo. Ni kidogo mno kwa mtu anayepimia kwa kifuniko cha chupa. Hali ni mbaya zaidi kwenye nta. Dawa kama fluvalinate na coumaphos hupenda mafuta, hivyo huzama kwenye nta na kukaa humo kwa miaka. Nta ikiyeyushwa haitoki. Mnunuzi wa nta ya vipodozi hupima, na nta ya Afrika inatafutwa kwa sababu moja kubwa: mara nyingi haina mabaki hayo. Kisha dawa yenyewe huchoka. Italia ilishaona utitiri usiosikia fluvalinate mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nchi nyingine zikafuata.

Kuna jipya pia. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha masharti kwamba asali iliyochanganywa kutoka nchi mbalimbali ioneshe kwenye kibandiko jina la kila nchi na asilimia yake, utekelezaji ukipangwa kuanzia Juni 14, 2026. Awali iliruhusiwa kuandikwa tu kwamba ni mchanganyiko. Jina Tanzania linapotakiwa kusomeka kwenye chupa, linaweza kuwa bei au aibu, kutegemea kilichomo.

Kwa kiasi, Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) hukadiria uzalishaji wa Tanzania kuwa tani 30,000 hivi kwa mwaka, nyuma ya Ethiopia katika Afrika. Serikali kwa miaka mingi imetaja kwamba misitu yetu ingeweza kutoa tani 138,000 za asali na 9,200 za nta. Tarakimu hiyo ya pili husemwa mikutanoni mara nyingi kuliko inavyofanyiwa kazi, lakini msomaji ataona kwamba ndiyo iliyotoa uwiano wa 15 kwa moja tuliotumia hapo juu.

MILIMANI NA BONDENI

Turudi Morogoro. Uluguru si mahali pamoja. Ukishuka upande wa Matombo kuelekea Mvuha ni joto, kuna mashamba ya miti ya matunda na pori la chini. Kinole kuna migomba, viungo na machungwa. Ukipanda Mgeta hadi Nyandira uko juu ya mita 1,500, ukungu na baridi, na mboga: kabichi, karoti, njegere, nyanya. Katikati ipo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, ambako vyanzo vya Mto Ruvu vinalindwa na mtu hatundiki mzinga bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

Kwa kuzingatia matokeo ya Kenya, mwenye mizinga ya juu atarajie utitiri mwingi kuliko wa bondeni. Hilo halimaanishi asifuge juu. Linamaanisha ahesabu mara nyingi zaidi, na asihamishe makundi ya bondeni kuyapeleka juu kwa gari akitegemea yatastahimili vile vile. Nyuki wa mlimani wamezoea mlima. Wataalamu waliwatambua wa milimani na wa pwani kuwa aina tofauti tangu F. G. Smith alipowaandika mwaka 1961, na Morogoro ipo kati ya pwani na bara.

Kwa maoni ya safu hii, tatizo kubwa la Mgeta kwa sasa ni bomba la kunyunyizia zaidi ya utitiri. Nyuki huruka kilomita mbili, tatu na zaidi kutafuta chakula. Mzinga uliotundikwa pembezoni mwa bustani ya nyanya inayopigwa dawa mara kwa mara utaleta mabaki hata kama mfugaji mwenyewe hajagusa dawa maishani mwake. Anayetaka kuuza kwa jina la asali safi atundike mbali na bustani, upande wenye msitu au mashamba ya miti, na akubaliane na wakulima wanyunyize jioni nyuki wakisharudi.

KUHESABU BILA KUUA

Kipimo rahisi hakihitaji maabara. Chukua nyuki nusu kikombe, takriban 300, kutoka kwenye sega lenye majana, ukihakikisha malkia hayumo. Watie kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha wavu, ongeza vijiko viwili vya sukari iliyosagwa kuwa unga, zungusha taratibu ili wote wapakae, subiri dakika chache, kisha tikisa juu ya sahani nyeupe. Sukari huuondolea utitiri mshiko. Nyunyizia maji, sukari itayeyuka na utitiri utabaki ukionekana. Hesabu, gawa kwa tatu, umepata idadi kwa kila nyuki 100. Nyuki warudishwe, wenzao watawalamba.

Kule Marekani mfugaji akipata watatu kwa mia huanza kutafuta dawa. Hapa tarakimu hiyo isimtie mtu hofu, kwani nyuki wetu huishi na zaidi ya hapo. Faida ya kuhesabu ni kulinganisha mzinga na mzinga. Mzinga wenye utitiri kidogo na asali nyingi ndio wa kugawa kundi. Ule wenye utitiri mwingi, majana yenye mashimo-mashimo na nyuki wa mabawa yaliyokunjamana usigawanywe wala kuunganishwa na mwingine. Ukitaka kuusaidia, kata masega yote yenye majana yaliyofunikwa, uwape kuku, uwaachie nyuki asali yao. Kwa kitendo hicho umetoa sehemu kubwa ya utitiri kwa siku moja, bila hata tone la dawa.

Vitabu vya Ulaya hushauri pia kukata vijumba vya madume kila baada ya wiki tatu hivi, kabla madume hawajatoka siku ya 24. Inafanya kazi, lakini hatuishauri kwa mwekezaji mdogo wa hapa. Nyuki wa Kiafrika wanaofunguliwa kila wiki tatu wataondoka, na mtu mwenye mizinga 20 milimani atatumia nguvu kuliko atakachovuna. Inatosha kuvikata wakati wa kurina.

Juu ya aina ya mzinga, wauzaji wa masanduku ya fremu hueleza mazuri yake tu. Asali hukamuliwa kwa mashine na masega hurudishwa, hivyo kilo huongezeka. Ila sega linalorudishwa miaka mingi huzeeka, na nta ya kuuza inakuwa chache. Mzinga wa viunzi vya juu humlazimu mfugaji kukata sega kila msimu, nyuki hujenga jipya, na nta inapatikana. Kwa anayelenga soko la asali safi pamoja na nta, na ambaye mtaji wake ni mdogo, mzinga wa viunzi unatosha. Mzinga wa gogo nao haudharauliki kwa afya ya nyuki; kasoro yake ni kwamba haukaguliki, na mrinaji wa moto huua kundi na mara nyingine kuchoma mlima.

Wapo wanaouliza kuhusu nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao huwa na bei ya juu. Varoa haiwahusu, inashambulia nyuki wa jamii ya wanaouma tu. Lakini mavuno ya nyuki wadogo ni kidogo, na asali yao ina maji mengi, hivyo ni biashara nyingine yenye hesabu zake.

DAFTARI NA MIZANI

Mnunuzi makini haombi neno la mdomo kwamba hakuna dawa. Anaomba daftari: namba ya mzinga, siku nyuki walipoingia na walipotoka, idadi ya utitiri kwa mia, kilo zilizovunwa, na nani alirina. Kikundi chenye daftari la namna hiyo kwa misimu miwili kina kitu cha kuweka mezani mbele ya mnunuzi wa Dar es Salaam au wa nje. Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), ambacho kinafundisha mambo ya misitu, wanyamapori na nyuki, kipo hapo hapo Morogoro, na afisa nyuki wa halmashauri ndiye mlango wa kwanza kwa mwenye mzinga unaokufa bila sababu kuonekana. Asubiri majibu kabla ya kwenda duka la dawa za mifugo.

Safu ya kilo ndiyo inayokuwa tupu katika madaftari mengi, kwa sababu asali bado inahesabiwa kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa asali iliyokomaa ina uzito wa kilo 28 hivi, na anayenunua kwa ndoo akauze kwa kilo anaijua tofauti hiyo. Asali mbichi yenye maji kupita asilimia 20, ambayo ndiyo kikomo cha viwango vya kimataifa, huwa nyepesi kidogo na huchacha. Mizani ya kuning'iniza inayopima hadi kilo 50 hupatikana kwenye maduka ya vifaa mjini, na wanakikundi wanaweza kuchangia moja kabla ya msimu wa kurina kuanza.